Kupanga jeti za kabureta kwenye tustroki iliyofanyiwa mabadiliko, hatua kwa hatua

Swali ni lile lile kila wiki. "Kaka nimefunga eksozi ya chemba na ea klina ya wazi kwenye DT yangu, niweke jeti namba ngapi?" Na mimi jibu langu ni lile lile, hakuna mtu anayeweza kukupa namba ya jeti (kile kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) akiwa hajaiona mashine yako, hajui uko mji gani, hajui unachanganya oili kiasi gani na kabureta yako ni orijino au ni kopi. Anayekutajia namba moja kwa moja anakubahatishia, na injini ndiyo itakayolipa. Ninachoweza kukupa ni njia ya kuitafuta hiyo namba wewe mwenyewe kwa siku moja bila kuua pistoni.

Nitatumia mfano wa Yamaha DT175 yenye kabureta ya Mikuni ya aina ya VM kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo miaka mingi na bado zipo nyingi mtaani na vijijini, lakini DT125, Suzuki TF na AX100, Yamaha RX100 na hata mashine za motokrosi za kabureta zinafuata njia hii hii. Wenye Vespa mnisamehe, kabureta yenu haina sindano na jeti kuu yenu inakaa kwenye kijiti kimoja pamoja na jeti ya hewa, hivyo hatua ya sindano haiwahusu.

Nitatumia maneno mawili tu kila mahali. Kavu maana yake hewa nyingi mafuta kidogo. Nzito maana yake mafuta mengi hewa kidogo. Ikiwa nzito inakuudhi, inatoa moshi, inakula plagi, haina nguvu. Ikiwa kavu inakimbia vizuri sana, inakufurahisha kabisa, halafu inakamata, yaani pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Kwenye tustroki (injini ya viharusi viwili) petroli ndiyo inayobeba oili na petroli hiyo hiyo ndiyo inayopoza pistoni, kwa hiyo ukipunguza mafuta umepunguza vyote viwili kwa mpigo. Ndiyo maana siku zote tunaanzia kwenye uzito na kushuka taratibu, kamwe hatuanzii kwenye ukavu na kupanda.

## Kitu ambacho karibu wote wanakosea

Watu wanadhani kila jeti ina spidi yake, au gia yake. Hapana. Kila sehemu ya kabureta inafanya kazi kulingana na umefungua mkono wa mafuta kiasi gani, basi. Unaweza kuwa gia ya tano spidi 60 na bado uko kwenye jeti ndogo kwa sababu mkono umefunguliwa kidogo tu, na unaweza kuwa gia ya pili unapanda mlima spidi 20 uko kwenye jeti kuu kwa sababu mkono umefika mwisho.

Mgawanyo uko hivi:

- Kufungwa mpaka kama moja ya nane: jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa
- Moja ya nane mpaka robo: mkato ulioko chini ya slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukizungusha mkono)
- Robo mpaka robo tatu: sindano na klipu yake
- Robo tatu mpaka mwisho: jeti kuu

Mipaka hii inapishana, hakuna ukuta kati yao, ila ukiikariri umemaliza nusu ya kazi. Mtu akiniambia "inakohoa" swali langu la kwanza ni inakohoa mkono ukiwa wapi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jeti kuu angalau tano zinazofuatana, kwa mfano 150, 160, 170, 180, 190, na kama unapata za hatua ya 5 bora zaidi. Nunua za aina moja na kabureta yako. Namba za Mikuni za kichwa cha pembe sita zinahesabu kiasi cha mafuta yanayopita, za Keihin zinahesabu upana wa tundu, kwa hiyo 150 ya huku siyo 150 ya kule, usizichanganye
- Jeti ndogo mbili tatu, moja juu na moja chini ya uliyonayo
- Plagi mpya mbili au tatu za joto sahihi. Kwa NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa Champion ni kinyume, watu wengi wanaingia hapo
- Bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu za kabureta (zile skrubu ni laini, ukizila kichwa utalia), spana ya plagi, plaizi ya mdomo mrefu
- Gundi ya karatasi (masking tape), ile wanayotumia wapaka rangi, na kalamu
- Chupa ya kupimia oili, hata bomba la sindano la mil 50 kutoka duka la dawa linatosha
- Daftari. Usiniambie utakumbuka, hutakumbuka
- Kopo la kukingia petroli, kitambaa safi, na usifanye kazi hii karibu na jiko au mtu anayevuta sigara
- Barabara iliyonyooka isiyo na watu wala magari, kofia ngumu, glavu na viatu

Na kitu kingine, usipanue jeti kwa waya wala kwa zile sindano za kusafishia tochi ya gesi. Najua mafundi wengi wanafanya hivyo na inaokoa hela ya jeti, lakini tundu likishapanuliwa kwa mkono linakuwa halina namba tena, kesho ukitaka kupanda au kushuka hatua moja hujui unaanzia wapi. Jeti ni bei ndogo ukilinganisha na kuchonga silinda.

## Kabla hujagusa jeti hata moja

Hapa ndipo muda wa watu unapopotea. Ukipanga jeti kwenye injini inayovuta hewa pembeni unapanga uongo, jioni imekaa sawa asubuhi imebadilika. Kagua haya kwanza:

Hewa inayoingia kwa njia za panya. Angalia ile raba kati ya kabureta na silinda, ikunje kwa vidole uone kama ina nyufa ndani ya mikunjo. Angalia gasiketi ya ridi (vali ya njia ya kuingizia hewa) na ya chini ya silinda. Halafu oili sili za krenki: ya upande wa klachi ikifa injini inavuta oili ya gia, utaona moshi mweupe mzito na oili ya giaboksi inapungua, ya upande wa magneto ikifa inavuta hewa na mashine inakuwa kavu bila wewe kujua. Dalili ya haraka ni hii, iache kwenye sailensi (yaani inanguruma yenyewe hujavuta), vuta mafuta kidogo uachie, kama resi zinaning'inia juu na kushuka kwa kusitasita kuna hewa inaingia au jeti ndogo ni kavu. Kama una pampu ndogo yenye geji ziba eksozi na njia ya hewa kwa raba, jaza presha ya psi 6, isishuke zaidi ya psi 1 kwa dakika. Ikishuka paka povu la sabuni utaona inapovujia.

Mafuta yanafika? Vua mpira wa petroli, fungua koki, mafuta yatiririke bila kukatika kwa dakika nzima. Kama yanaanza vizuri halafu yanapungua fungua kifuniko cha tangi, yakirudi basi tundu la kupumulia la kifuniko limeziba vumbi. Hili tundu limeua pistoni nyingi kuliko watu wanavyojua.

Usawa wa mafuta kwenye kikombe cha chini ya kabureta. Boya likikaa chini mno kila kitu kitakuwa kavu, likikaa juu mno kila kitu kitakuwa kizito, na hakuna jeti itakayoponya. Pima kwa rula kufuata kipimo cha kitabu cha kabureta yako.

Oili. Chagua mchanganyiko mmoja na usiubadilishe tena. 1:32 ni kama mil 31 kwa kila lita, 1:40 ni mil 25, 1:50 ni mil 20. Mimi mashine iliyofunguliwa poti (matundu ya silinda yaliyopanuliwa) na kupigwa resi kubwa naitilia 1:32. Ukiongeza oili umepunguza petroli inayopita kwenye lile tundu lile lile, maana yake umeifanya kavu kidogo. Kwa hiyo yule anayesema "naongeza oili ili nisikamate" bila kupandisha jeti hajui anachofanya. Na kama fundi alikutolea pampu ya oili ya Yamaha ili "kupunguza mambo", hakikisha kila tone linaloingia tangini limechanganywa, hata lile la kuazima kwa rafiki njiani.

## Kazi yenyewe

1. Weka alama kwenye mkono wa mafuta. Bandika gundi ya karatasi kwenye grip na nyingine kwenye nyumba yake. Mkono ukiwa umefungwa chora mstari mmoja unaopita zote mbili. Fungua mpaka mwisho chora tena, halafu gawanya katikati: robo, nusu, robo tatu. Inaonekana kitu cha kitoto ila bila hii utabaki unakisia.

2. Ipange sailensi kwa muda. Funga skrubu ya hewa taratibu mpaka iguse, usiikaze, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Ipashe injini moto vizuri, dakika kama tano za kuendesha na siyo kusimama. Pandisha skrubu ya slaidi mpaka ikae bila kuzima. Tutarudi hapa baadaye, kwa sasa tunataka iwake tu.

3. Weka jeti kuu kubwa kupita unayodhani inahitaji. Kama umefunga chemba na ea klina ya wazi, anzia hatua tatu au nne juu ya ile iliyokuja na mashine. Kama na poti zimefunguliwa, ongeza nyingine. Funga koki, mwaga kikombe kwenye kopo, badilisha. Kwenye VM unaweza kulegeza klampu na kuigeuza kabureta pembeni bila kuitoa yote. Angalia usipoteze kile kijisahani kinachokaa na jeti kuu.

Onyo la hapa: ukiitoa slaidi hakikisha unairudisha na mkato ukiangalia upande wa ea klina. Ikirudi kinyume ukipiga kiki injini inapiga resi za mwisho hapo hapo. Kabla hujawasha zungusha mkono na uachie, usikie slaidi inaanguka "tak". Usiposikia usiwashe.

4. Jaribu jeti kuu. Gia ya tatu au ya nne, fungua mpaka mwisho. Ikiwa nzito utaisikia, haiimbi, inabwabwaja, kama inataka kupanda halafu inajizuia, na moshi nyuma. Vizuri, hapo ndipo tunapotaka kuanzia. Shuka hatua moja, jaribu tena, barabara ile ile, gia ile ile. Shuka tena. Utafika mahali mlio unabadilika ghafla unakuwa safi na mkali na chemba "inashika", utajua mwenyewe maana mikono itanyooka. Simama hapo. Usitafute hatua nyingine ya chini ili uone kama itakimbia zaidi.

Vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote wa majaribio. Siku zote. Ikikamata una chini ya sekunde moja.

Jaribio dogo la kuthibitisha: ukiwa mwisho kabisa rudisha mkono kidogo tu. Kama mashine inaongeza nguvu unaporudisha, jeti kuu ni kavu, panda. Unaweza pia kuvuta choki kidogo ukiwa mwisho, ikichangamka ni kavu, ikizidi kulemaa ni sawa au nzito.

5. Soma plagi, na uisome inavyotakiwa. Kuisoma plagi baada ya kurudi nyumbani polepole na kuiacha kwenye sailensi getini hakukwambii chochote kuhusu jeti kuu, umesoma jeti ndogo. Fanya hivi: injini ikiwa ya moto weka plagi mpya, endesha mkono ukiwa mwisho kwa sekunde kama kumi kwenye gia ya juu unayoweza kwa usalama, halafu kwa mpigo mmoja bonyeza swichi ya kuzima na shika klachi, usirudishe mkono kwanza. Achia ijikokote isimame. Toa plagi hapo hapo barabarani.

Usiangalie ncha peke yake. Chungulia ndani kabisa pale kauri nyeupe inapoingia kwenye chuma, mchana wa jua au na tochi. Unatafuta pete ya rangi chini kule:

- Kahawia ya chai ya maziwa: uko mahali pazuri
- Nyeusi kavu kama masizi ya chungu: nzito
- Nyeusi yenye majimaji: oili nyingi au plagi ya baridi mno
- Nyeupe tupu hakuna pete: kavu, usiendeshe tena mpaka upandishe
- Nyeupe yenye vidoa vinavyometa kama unga wa fedha: hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako inaanza kuondoka, simama, kagua na taimingi

Kwa petroli ya siku hizi juu ya plagi huwa panabaki peupe hata mambo yakiwa sawa, ndiyo maana nasisitiza chini kwenye kina.

6. Ukishapata jeti safi, panda hatua moja. Hiyo ndiyo ya kubaki nayo. Utapoteza nguvu kidogo sana ambayo huwezi kuisikia, utapata injini inayovumilia siku ya baridi, mlima mrefu na petroli mbaya ya kwenye dumu.

7. Sasa sindano. Endesha mkono ukiwa kwenye nusu kwa muda, halafu fungua kutoka robo kwenda robo tatu. Sindano ina mifereji mitano ya klipu kwa kawaida, hesabu kutoka juu. Klipu ikipanda, sindano inashuka, inakuwa kavu. Klipu ikishuka, sindano inapanda, inakuwa nzito. Soma tena hiyo sentensi maana kila mtu anaigeuza. Anzia mfereji wa kati. Ikibwabwaja kwenye nusu pandisha klipu mfereji mmoja, ikisitasita au ukasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo ishushe mmoja. Mashine ya barabarani inaishi muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote, wewe hushindi kutwa nzima mkono ukiwa mwisho, kwa hiyo usiharakishe hatua hii. Mimi hapa natumia nusu ya siku.

8. Slaidi. Kwa kweli wengi hawatahitaji kuigusa. Ikiwa tu una kusita kati ya moja ya nane na robo ambako hakuponi kwa jeti ndogo wala sindano, tafuta slaidi nyingine. Namba kubwa ni mkato mkubwa, ni kavu zaidi.

9. Rudi kwenye jeti ndogo. Injini ya moto. Zungusha skrubu ya hewa polepole huku na huku, tafuta pale sailensi inapopanda juu kabisa bila kutetemeka. Ukiifungua inakuwa kavu, ukiifunga inakuwa nzito, kwa sababu inapitisha hewa na siyo mafuta. Ikitulia ikiwa imefunguliwa kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu, jeti ndogo yako ni sahihi. Ikitaka kufungwa chini ya mmoja, weka jeti ndogo kubwa zaidi. Ikitaka kufunguliwa zaidi ya miwili na nusu, weka ndogo zaidi. Halafu shusha skrubu ya slaidi sailensi ikae pazuri.

10. Rudia hatua ya 4 na ya 5 mara moja. Sehemu zinapishana, ukibadilisha sindano jeti kuu inaguswa kidogo.

Na katika hatua zote hizi badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, andika, jaribu. Mtu akibadilisha jeti, klipu na plagi kwa pamoja halafu ikakaa vizuri, hajui ni kipi kilichoiponya, na ikiharibika hajui kipi kiliiharibu.

## Milima na pwani, hapa nisikilize

Hewa ya juu ni nyepesi. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, Nairobi kama 1,800, Eldoret kama 2,100, Kampala kama 1,200. Kwenye urefu wa Arusha hewa imepungua karibu asilimia 13, injini inahitaji mafuta machache, kwa hiyo mashine iliyopangwa Dar ukiipandisha Arusha inakuwa nzito na mvivu. Inakera, haiui.

Inayoua ni safari ya kushuka.

Mimi yangu niliipanga Arusha, jeti kuu 170, pete ya chai ya maziwa, safi kabisa, nikaona nishuke nayo Tanga. Mpaka Same ilikuwa inaruka. Baada ya kupita Mombo barabara imenyooka, joto, hewa nzito ya chini, nikauacha mkono mwisho dakika kadhaa mfululizo. Nikasikia nguvu inapungua taratibu kama mtu amenishika koti kwa nyuma, nikadhani ni upepo, nikaendelea kushikilia. Tairi ya nyuma ikafunga. Nilikuwa na bahati sikuanguka, nilishika klachi kwa kuchelewa ila niliishika. Tulipofungua silinda pistoni ilikuwa na michirizi minne upande wa eksozi na aluminiamu imepakwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate, ringi hazitoki hata kwa bisibisi. Mashine ile ile pale Tanga ilikuja kutulia na jeti 180.

Kanuni ya kuanzia: punguza jeti kuu kama asilimia 5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ongeza hivyo hivyo unaposhuka (hii ni kwa namba za Mikuni, kwa Keihin ni nusu ya hapo). Skrubu ya hewa unaweza kuifungua robo au nusu mzunguko unapopanda na kuirudisha unaposhuka. Unaposhuka badilisha jeti KABLA ya safari, ukiwa bado juu, vumilia uzito njiani. Baridi nayo inakaza hewa, asubuhi za Juni na Julai Njombe au Lushoto mashine iliyopangwa mchana wa joto inakuwa kavu.

Na mteremko mrefu kama Kitonga: ukishuka na gia, resi ziko juu na mkono umefungwa, injini inazunguka haraka huku haipati mafuta wala oili. Kila baada ya muda shika klachi vuta mafuta kidogo, au fungua mkono kidogo uilishe.

## Ikigoma

Inakufa ukifungua mkono ghafla kutoka chini, halafu inashika. Ikikohoa bila moshi ni kavu, funga skrubu ya hewa kidogo au ongeza jeti ndogo. Ikibwabwaja na moshi ni nzito, fanya kinyume.

Resi hazishuki. Hewa pembeni, rudi kwenye sili na raba. Usijaribu kuifunika kwa jeti kubwa.

Injini inapanda resi yenyewe na swichi haizimi. Vuta choki, ziba mdomo wa ea klina kwa kitambaa, au weka gia kubwa, kanyaga breki na achia klachi. Halafu usiwashe tena mpaka ujue hewa inaingilia wapi.

Nzuri dakika mbili za mwanzo, halafu inaishiwa nguvu ikiwa mwisho. Mafuta hayafiki: koki, chujio, kifuniko cha tangi. Achia mkono mara moja, usishikilie kama mimi.

Inamwaga petroli kwenye bomba la chini. Sindano ya boya imelika au kuna uchafu, gonga kikombe kidogo kwa mpini wa bisibisi, ikiendelea fungua usafishe.

Umeshuka jeti mpaka ya chini kabisa bado ni nzito. Ea klina imelowa oili, choki haifungi vizuri, au tundu la sindano limelika likawa yai. Kabureta ya zamani sindano inalisugua kila siku na jeti kuu haitaponya hilo, nunua sindano na kijiti chake kwa pamoja.

Kabureta kopi, hakuna kinachofuata mpangilio. Fungua uangalie namba za jeti zilizomo, mara nyingi hazilingani na kilichoandikwa. Weka jeti orijino halafu anza upya hatua ya 3.

Plagi inakufa kila baada ya siku mbili lakini mashine inakimbia vizuri. Jeti kuu iko sawa, jeti ndogo ni nzito na wewe unakaa sana kwenye foleni. Rudi hatua ya 9.

Ukimaliza fungua kava ya pembeni, ile ya upande wa betri, na kwa makapeni andika ndani: mji, jeti kuu, jeti ndogo, klipu mfereji wa ngapi, skrubu mizunguko mingapi, oili. Yangu imeandikwa "Arusha 170, Tanga 180, 1:32" na jeti ya pili imefungwa kwenye kinailoni ndani ya boksi la spana.